Mstari Nilioandika Bila Kuambiwa

Namshukuru Mungu, aliyetuvusha milima tukiwa na nguo za mwilini tu, akatupa udongo wa kupanda maharage katika nchi ya wenyewe. Namshukuru kwa sababu miguu hii ya miaka sabini na minne ilifika Mbarara ikarudi, na kwa sababu kosa langu hakuliacha lilale. Ndugu zangu wa Rubondo, nanyi wa sehemu nyingine za Nakivale ambao kila tukikutana kisimani mnaniuliza ilikuwaje, nimechoka kusimulia nikiwa nimesimama. Nimeandika. Kaeni msome.

Kabla sijaondoka

Kwa msomaji asiyenijua: nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Kivu ya Kusini, Kongo, kwa miaka ishirini na tisa, katika kilima chetu cha Kabirizi. Tangu tulipofika kambi hii ya Nakivale, hapa Uganda, nimekuwa nikiandika habari za kilima hicho: nani alilima bonde lipi, nani alichimba mfereji, kijito cha Kanyenda kilihama lini, nani alimwozesha binti yake kwa nani. Nilianza siku nilipomwuliza mtoto aliyezaliwa hapa kwao ni wapi, naye akanitajia namba ya ploti. Basi wazee wakawa wanapita kwangu wakitoka shambani, wanasema, naandika. Madaftari yamefika saba.

Katika daftari la tatu kuna habari za wazee wawili, Bisimwa na Lwaboshi, majirani wa Kabirizi waliopendana sana na ambao sasa wote ni marehemu. Aliyenipa habari zao ni mzee Kadusi, na yeye pia Bwana alimchukua mwaka uliofuata. Kadusi aliniambia kwamba Bisimwa na Lwaboshi walikuwa na makovu yanayofanana mwilini, madogo manne, na kwamba waliyapata siku moja. Hayo tu ndiyo aliyosema. Mimi nikaandika: "Bisimwa na Lwaboshi walichanjana, wakanywana damu." Niliandika kwa wino, kwa mwandiko ambao hata mkaguzi wa shule angeusifu.

Mnajua maana yake kwetu. Watu wawili wakinywana damu huwa ndugu kuliko waliotoka tumbo moja. Watoto wao hawaoani, wala wajukuu. Tumebatizwa, ni kweli, lakini sijaona mzazi wa Kabirizi aliye tayari kumtoa binti yake ili ajaribu kama jambo hilo limekwisha nguvu.

Nilikuwa na desturi ya kuwasomea watu kurasa mbili tatu baada ya ibada. Jumapili niliyosoma ukurasa huo, ndoa ya Byamungu, mjukuu wa Bisimwa, na Nabintu, mjukuu wa Lwaboshi, ilikuwa imekwisha kutangazwa kanisani mara mbili. Sikuwaza. Akili yangu yote ilikuwa katika kusoma vizuri. Nilipofika kwenye mstari ule, Papa Matabaro, baba mdogo wa Nabintu aliyemlea tangu alipofiwa, alisimama akaniomba nirudie. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Mwalimu hufurahi sana akiombwa arudie.

Tangazo la tatu halikusomwa.

Nabintu alikuja nyumbani kwangu siku ya pili yake. Nilimfundisha kusoma mwenyewe, chini ya turubai, tulipokuwa wageni hapa. Hakulia. Aliketi kwenye mkeka karibu na mke wangu, akasema, "Mwalimu, weye njo ulinifundisha kusoma. Sasa nauliza tu: ile maneno, ni nani alikuambia?"

Nilifungua kinywa nimtaje Kadusi, nikakumbuka. Kadusi hakusema damu. Hakuna aliyesema damu. Nilikuwa nimeona makovu mawili yanafanana, nikamaliza habari mwenyewe.

Nilikwenda kwa Papa Matabaro nikamweleza hivyo. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema kwamba huenda nilikosea jana na huenda ninakosea leo kwa kumhurumia msichana, na yeye atajuaje? Akanipa mpaka Jumapili ya pili. Nisipomletea shahidi, atarudisha mbuzi wa mahari wa akina Byamungu na habari itaisha. "Mulete mutu, Mwalimu," alisema. "Karatasi tumeisha iona."

Shahidi aliyebaki duniani alikuwa mmoja: Koko Nsimire, bibi kizee, mjane wa mganga aliyekuwa akichanja watu wote wa kilima chetu. Mama Esta anayeuza vitenge alikuwa amemwona Mbarara, mtaa wa Nyamityobora, akiwa haoni tena, anakaa kwa mjukuu wake Mapendo aliyeolewa na mwanajeshi wa Uganda. Namba ya simu ya Mapendo ilikuwa haiiti. Habari za ruhusa na karatasi za kutoka kambini siziandiki, kila mkimbizi anazijua. Niliondoka Jumatatu iliyofuata.

Rubondo hadi Endiinzi

Alinibeba Sengi kwa baiskeli, yule anayewachotea watu maji kwa madumu. Mke wangu alikuwa amenilisha maharage na viazi vitamu asubuhi, akanifungia vingine kwenye jani la mgomba. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ikawa ya utelezi, kwa hiyo kusema kweli tulitembea zaidi kuliko kupanda baiskeli, nayo baiskeli tukaisukuma kama mgonjwa wa tatu.

Kila tulipopita kilima nilimwuliza Sengi kinaitwaje. Alijibu vinne au vitano, kisha akachoka. "Mwalimu," alisema, "weye ni mwepesi kupita madumu, sikatai. Lakini maji haiulizake majina."

Kutoka hapo mpaka Endiinzi nilihesabu vilima kimoyomoyo.

Endiinzi, siku mbili

Endiinzi ni mahali pa ng'ombe. Nilikuwa nimeambiwa kila asubuhi kuna lori linalopeleka maziwa Mbarara, na dereva wake huwapa lifti wazee. Nilikuta lori limesimama. Kulikuwa na ugonjwa wa midomo na kwato, barabara imewekwa karantini, na hakuna cha ng'ombe kilichoruhusiwa kupita mpaka daktari wa mifugo aje apime. Daktari angekuja lini? Labda kesho. Nilihesabu siku zangu nikaanza kuomba.

Mwenye kituo cha maziwa, mzee mfugaji aitwaye Karuhanga, aliniona nimekaa juu ya jiwe akanichukua nyumbani kwake. Alijifunza Kiswahili jeshini ujanani. Mke wake akaleta maziwa katika chombo cha mti chenye kifuniko cha majani kilichosukwa vizuri, na harufu yake ilikuwa ya moshi mtamu. Nilikuwa na njaa. Karuhanga akaniuliza, "Mzee, leo nakula nini?"

Nikajibu kweli tupu, kwamba nimekula maharage na viazi, Mungu ashukuriwe.

Akaweka mkono juu ya kifuniko, akakivuta chombo kwake. "Basi. Maziwa hapana."

Nililetewa chai kavu, bila maziwa. Ndugu zangu, niliumia. Nilifikiri ameona kwamba mtu aliyekwisha kula maharage ni mkimbizi aliyeshiba, wa nini kupoteza maziwa juu yake? Nilisali nisiwe na uchungu, na bado uchungu nilikuwa nao. Asubuhi sikugusa hata viazi vyangu, na jua lilipokuwa la mchana Karuhanga akaniuliza swali lilelile. Nikamwambia sijala kitu. Uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyesamehewa, akanijazia chombo mpaka juu.

Nilipokwisha kunywa ndipo alipoeleza. Maharage na maziwa hayakutani katika tumbo moja siku moja, kwa sababu ng'ombe aliyekamuliwa ataumwa chuchu. "Si wewe," alisema. "Hata mimi. Hata Askofu kama nakula maharage, nampa chai."

Nilicheka kwa aibu. Nilikuwa nimefanya tena kosa lilelile lililonitoa nyumbani: nimeona kitu kimoja, nikajimalizia habari.

Nikamwomba ruhusa ya kuandika jambo hilo, akataka kujua mtu mzima anaandika mambo ya maziwa kwa nini. Nilipomweleza kazi yangu ya vilima alisogeza kiti. Aliniambia kwamba zamani, kabla ya ploti, upande wa Rubondo ulikuwa njia ya ng'ombe wa baba yake kwenda ziwani. Akaniuliza mahali ninapolima. Nikamweleza.

"Iko jiwe kubwa hapo, kama mgongo ya kiboko?"

"Liko. Tunaanikia mtama juu yake."

"Hapo baba yangu alikuwa napumzika," alisema.

Nilisema tu kwamba mke wangu hulifagia kila siku, na jambo hilo lilimfurahisha. Jiwe hilo nimeliandika sasa, pamoja na jina la baba yake. Daktari wa mifugo alikuja Jumatano asubuhi.

Lori la maziwa

Dereva alinikalisha mbele. Aliposikia natoka Kongo alifurahi mno, akazima redio yake ili nimwimbie. Nilimwambia mimi si mwanamuziki, nilikuwa mwalimu. Akasema hakuna shida, Wakongomani wote wanaimba. Alining'ang'ania mpaka tulipopita Isingiro, nami kwa kumwonea huruma nikamwimbia wimbo wa Pasaka, beti zote nne. Alipiga usukani kwa vidole, akatikisa mabega, na nilipomaliza akasema ni mzuri sana kwa kucheza, nimwimbie tena. Sikumsahihisha. Niliurudia mpaka Mbarara, na naamini Bwana alipokea, pamoja na mabega.

Nyamityobora

Mtaa huo una nyumba za kupanga zilizobanana, mafundi cherehani, na wanawake wanaokaanga mihogo mlangoni. Nilifika na koti langu la ibada, tai, na mfuko wa madaftari. Nikauliza nyumba ya Mapendo, mke wa mwanajeshi, anayekaa na bibi yake asiyeona. Muuza mihogo akanionyesha mlango wa kijani. Mapendo alikuwa sokoni, Koko amepelekwa kwenye maombi ya akina mama. Nikakaa barazani.

Wa kwanza kurudi alikuwa mume, Sajini Mugisha, anatoka kambi ya jeshi na sare zake. Ni kijana mrefu, mzito. Nilisimama nikamwambia ninatoka kwa watu wa Kabirizi, kwao Mapendo, na kwamba nimekuja kwa ajili ya jambo la ndoa. Lilikuwa neno la kweli kabisa.

Sajini alivua kofia. Alitazama tai yangu, akatazama mfuko wa madaftari, jasho likamtoka. Akaniamkia upya, polepole, akanipa kiti chenye mto. Soda ikaja. Alitoka akarudi na nyama ya mbuzi, akawasha sigiri ya makaa mwenyewe, na jirani akaitwa aje amenye matoke. Nilikula chakula ambacho sijakila tangu nije Uganda, pamoja na ule mchuzi wao mweupe wa samli, nikajiambia kwamba watu wanaolisema vibaya jeshi hawajatembelea nyumba hii. Yeye hakula. Alikaa mbele yangu, mikono juu ya magoti.

Nilipokwisha kunawa akasema, "Mzee, mimi najua kosa yangu."

Nikamjibu kwamba sote tuna makosa, na kwamba Mungu ni mwema.

"Ng'ombe iko," akasema. "Mbili iko kwa baba yangu. Wewe andika mbili kwanza."

Nikamwambia kwa upole kwamba sikuja kwa ajili ya ng'ombe. Akainamisha kichwa. "Basi tatu. Lakini ya tatu bado kidogo, mzee, bado nanyonya."

Bado sikuelewa. Nilidhani ni desturi nyingine kama ile ya maziwa, nikatoa daftari ili niiandike vizuri, na nilipofungua kalamu yule mtu mkubwa alifumba macho kama anayesubiri sindano. Hapo Mapendo akaingia na kikapu chake. Alimwona mumewe, akaniona mimi na kalamu, akasikia neno ng'ombe. Akakaa chini sakafuni akacheka mpaka akashika mbavu.

Sajini alikuwa amemchukua Mapendo bila kutoa mahari, kwa sababu wakati ule jamaa zake walikuwa wametawanyika na hakuna aliyejulikana wa kupelekewa. Kwa miaka tisa alikuwa akingoja siku ambayo mzee wa Kikongomani mwenye tai angekaa barazani kwake.

Nilimweleza kilichonileta. Alivuta pumzi, akajipakulia nyama iliyobaki, akala yote.

Koko

Walimrudisha jioni, jua likiwa bado juu. Amekuwa mdogo, mwepesi, macho yamefunikwa na weupe. Nilisema "Bwana asifiwe, Koko," naye akageuza sikio.

"Iyi sauti ni ya mwalimu wa Kabirizi," alisema. "Ule alipigaka kengele mbele ya saa, watoto banaacha chakula kwa moto."

Nilimshika mikono. Tuliwataja wafu wetu mmoja mmoja, kama inavyotupasa tunapokutana, na kazi hiyo ilichukua muda. Kisha nikamwambia yote: makovu, mstari wangu, Nabintu, Jumapili. Sikujificha. Alisikiliza huku anapapasa pindo la kitenge chake.

"Ile makovu naijua," alisema. "Siku bwana wangu alibachanja, mimi nilishika kibuyu. Nilikuwa bibi mupya, sijazoea kuona batu banakatwa."

Nikamsihi aniambie. Walinywana, au hawakunywana?

"Sikuambii."

Nilifikiri anatania. Hakuwa anatania.

"Nikikuambia weye, utafika kule na daftari," alisema. "Nitasema mbele ya batu benyewe. Nipeleke."

Mapendo alimkumbusha kwamba hajatoka Mbarara miaka mingi, kwamba miguu imevimba, kwamba njia ni mbaya. Koko akasema miguu haitasema kitu, kinywa ndicho kitasema. Nikamwomba basi anipe nusu tu, aniambie kama ni jema au baya, ili nijue jinsi ya kuongea na yule binti. Badala ya kujibu akaniuliza Nabintu anafanana na nani. Nikasema ana paji la uso la babu yake Lwaboshi na ule mwendo wake wa kutokimbia hata mvua ikija. Koko alitabasamu. Lakini niliwahi kumwona mganga mwenyewe akitabasamu vilevile kwa mgonjwa asiyepona, kwa hiyo tabasamu halikunisaidia.

Kurudi

Sajini aliomba siku nne kwa wakubwa wake, akapewa. Alisema kama mkwe mmoja amemtisha hivi, afadhali awaone wote mara moja apone. Rafiki yake alikuwa anapeleka saruji Isingiro kwa pikapu, tukaondoka Ijumaa. Koko alikaa mbele, mimi na Sajini juu ya mifuko.

Gurudumu lilipasuka mara mbili. Mara ya pili hatukuwa na la akiba, tukakaa kando ya shamba la migomba tangu saa nne mpaka saa tisa alasiri. Mwenye shamba alituletea ugali wa ulezi na uji wa mtama uliochachuka kidogo. Koko alikataa uji, akisema ni pombe iliyojificha. Sajini akamwapia kwa jina la mama yake kwamba ni uji wa watoto. Alionja, akamaliza kikombe, akasema hata kama ni pombe dhambi ni ya Sajini.

Nilimwambia kwamba vilima vya huku si virefu kama vya kwetu, vimekaa kama watu waliochuchumaa. Akataka nimhesabie. Nikamhesabia. Katika saa zile nilitamani mno kumwuliza tena, na mara mbili nilianza. Kila mara alisema, "Jumapili, Mwalimu," kama mama anayemkatalia mtoto sukari. Nilimchukia kidogo, Mungu anisamehe, kisha akasinzia kichwa chake kikiwa begani kwangu, nikaona jinsi shingo yake ilivyo nyembamba, chuki ikaniisha. Nilianza kuelewa pia. Mtu huyu alikuwa anachukua neno moja njia yote hiyo bila kulitua, ili lifike zima. Mimi nilipewa nusu na Kadusi, nikalijaza usiku uleule.

Kutoka Isingiro tulipata lori la matofali mpaka Endiinzi, na kutoka hapo, Jumamosi, njia ilikuwa tope ambalo baiskeli isingeliweza. Sajini akachuchumaa, akasema, "Koko, panda." Alimbeba mgongoni kama mtoto, kwa kitenge, yule askari mzima, na viatu vyake vya jeshi vikanyonya tope hatua kwa hatua. Koko alimsifu kwamba anatembea vizuri kuliko punda wa marehemu mumewe. Watu wetu walipoona kutoka mbali mwanamume mwenye viatu vya jeshi amebeba kitu mgongoni, waliingia ndani kwanza, wakauliza baadaye, kama tulivyojifunza sote. Ilibidi nitangulie nikiita majina ya watu.

Mbele ya watu

Baada ya ibada Pasta alitoa mabenchi nje, maana kanisa lisingetosha. Akina Byamungu walikaa upande mmoja, akina Nabintu upande wa pili. Niliomba nianze mimi. Nilisema kwamba mstari ule niliuandika bila kuambiwa na mtu, kwamba Kadusi nilimsingizia akiwa kaburini, na kwamba kama watoto hawa watatengana au wataoana, kosa langu libaki langu. Nikamwomba Nabintu anisamehe. Aliitikia kwa kichwa, hakunitazama. Nilikaa. Sikujua Koko atasema nini.

Koko aliketi kwenye kiti cha Pasta. Aliuliza kama Papa Matabaro yuko.

"Niko, Koko."

"Inua shati yako. Upande wa kushoto."

Watu walitazamana. Papa Matabaro ni mtu wa heshima, mzee wa kanisa, alikuwa na suruali ya kitambaa na shati jeupe. Alitoa shati ndani ya suruali polepole, akainua. Chini ya mbavu, upande wa kushoto, kulikuwa na makovu madogo manne.

"Ziko ngapi?" Koko aliuliza.

"Ziko ine," alijibu mtu wa mbele.

"Mama yako alikuleta na miaka mbili, tumbo imejaa bandama, unatetemeka na homa. Mimi nilikushika. Ulinikojolea." Watu walicheka, hata yeye. "Sasa uniambie, Matabaro, mutoto wa miaka mbili, ulinywana damu na nani?"

"Damu ya urafiki banachanja hapa," Koko akasema, akaweka kidole katikati, juu ya kitovu. "Ile ya bandama ni kushoto. Ule mwaka homa ilikuwa mingi. Bisimwa na Lwaboshi balikuja siku moja, banashikana mikono sababu hakuna aliyeweza kutembea peke yake. Bwana wangu alibachanja bote, kwa dawa. Njo ile makovu."

Nilimshukuru Mungu moyoni, nikadhani amemaliza. Upande wa akina Byamungu walikuwa wameanza kunong'ona. Koko aliinua mkono.

"Bado. Bakapona. Bisimwa akarudia kwetu na mbuzi, akasema, mimi na huyu tumepona pamoja, sasa tuchanje ingine, tunywane damu. Bwana wangu akatengeneza wembe. Nikaleta kibuyu. Lwaboshi akakataa. Bisimwa akasirika, akauliza, mimi sifai? Lwaboshi akamwambia hivi, mimi nilikuwa nasimama karibu kama vile niko na weye: 'Damu itafunga mlango. Miye niko na mabinti, weye uko na bavulana. Tuache mlango wazi kwa watoto.'"

Akageuza sikio upande wa akina Nabintu.

"Kisha vita ikakuja, bale watoto bakatawanyika, hakuna aliyepita. Ule mlango uko wazi tangu ile siku. Mimi nilikuwa ninafikiri hakuna mutu tena wa kupita."

Nilimsikia mama yake Byamungu akilia taratibu. Nabintu alikuwa amejifunika uso kwa viganja vyote viwili, na Byamungu, ambaye alikuwa amekaa mbali naye kwa adabu majuma yote yale, aliinamisha kichwa tu, akatazama viatu vyake.

Papa Matabaro alikuwa bado amesimama, shati mkononi, makovu yake yanaonekana na watu wote. Alipapasa mahali pale kwa kidole gumba, kama mtu anayepapasa jambo asilowahi kuliuliza. Kisha akachomeka shati vizuri, pande zote, akafunga kifungo cha juu.

"Pasta," alisema, "soma tangazo."

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Bwana akupe wazee watakaokuambia kweli wakiwa bado hai, akupe na masikio ya kuishia pale walipoishia. Abariki ploti yako, mvua ije kwa wakati wake. Na kama una mtu ambaye neno lako lilimfungia njia, akupe nguvu ya miguu umfuate. Amina.